Novemba hadi Julai: Miezi Tunayowaachia Vijana Wetu Peke Yao



Kila mwaka ifikapo Novemba, watahiniwa wa Kidato cha Nne mkoani Njombe huweka kalamu chini na kurejea makwao. Matokeo hutangazwa Januari. Wanaochaguliwa kuendelea na Kidato cha Tano huripoti shuleni Julai. Kati ya mtihani wa mwisho na kengele ya kwanza ya shule mpya hupita takribani miezi minane, na katika kipindi hicho hakuna taasisi inayowajibika kwa kijana huyo. Shule imemaliza kazi yake, chuo bado hakijamjua, na halmashauri humwona akiwa takwimu tu. Hoja yangu ni fupi: mustakabali wa mhitimu wa Njombe na Makambako hauamuliwi na alama zake pekee. Huamuliwa pia na maandalizi ambayo alistahili kuyapata kabla ya Novemba, na ambayo hakuyapata kwa kuwa si kazi ya mtu yeyote.

Hali ya mahali inaongeza uzito wa jambo hili. Makambako ni njia panda. Hapo hukutana barabara kuu iendayo Dar es Salaam na Mbeya, barabara ya Njombe na Songea, pamoja na reli ya TAZARA iliyoanza kazi mwaka 1976. Kwa mfanyabiashara, njia panda ni neema. Kwa kijana wa miaka kumi na saba asiye na mpango, ni mlango usio na bawabu. Wasichana hupakiwa kwenye mabasi kwenda kufanya kazi za ndani mijini, mara nyingi kwa makubaliano ya simu kati ya watu wasiofahamiana. Wavulana hupakia mbao, huchuma parachichi kwa malipo ya siku, au huazima pikipiki. Sizidharau kazi hizi, kwani zimelisha familia nyingi. Ninachokilalamikia ni kwamba kijana ameingia humo kwa kukosa kujua kwamba palikuwa na njia nyingine.

Tuanze na uchaguzi wenyewe. Kabla ya mtihani, mwanafunzi hujaza fomu ya kuchagua tahasusi na vyuo. Mwaka 2024 Serikali ilipanua orodha ya tahasusi kutoka 16 hadi 65. Uhuru huo ni mzuri, lakini uhuru bila maelezo huwa mzigo. Tahasusi anayoichagua kijana ndiyo itakayofungua au kufunga milango ya chuo kikuu miaka miwili baadaye. Katika darasa langu la mwaka wa kwanza huwauliza wanafunzi ni nani aliyewasaidia kujaza fomu ile. Jibu ninalolisikia mara nyingi ni «rafiki». Wengi hawakuambiwa kwamba Serikali hutoa fursa ya kubadili machaguo kwa njia ya mtandao baada ya matokeo kutoka. Kijana aliyeko bondeni Lupembe, asiye na simu janja, husikia habari hiyo dirisha likiwa limekwisha kufungwa.

Jambo la pili ni nyaraka, na hapa Njombe ina jeraha lake. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa mwaka 2022–2023 uliuonyesha mkoa huu kuwa na kiwango cha juu cha maambukizi kuliko mikoa yote ya Tanzania Bara, asilimia 12.7 ya watu wazima. Nyuma ya tarakimu hiyo wapo watoto waliolelewa na bibi na mama wadogo. Yatima anayeomba mkopo wa elimu ya juu hutakiwa kuwasilisha cheti cha kifo cha mzazi, nacho sharti kihakikiwe na RITA. Mzazi aliyefia nyumbani kijijini, akazikwa kwa heshima zote za ukoo, huenda kifo chake hakikuandikwa popote. Kulisajili jambo hilo baada ya miaka kumi kunahitaji barua ya mtendaji, safari za wilayani, nauli na subira. Matokeo ya Kidato cha Sita hutoka Julai, wakati dirisha la maombi ya mkopo kwa kawaida limeshafunguliwa. Anayeanza kutafuta cheti siku hiyo amechelewa. Kwa hiyo yule ambaye mkopo uliwekwa kwa ajili yake hasa ndiye aliye katika hatari kubwa ya kuukosa.

Jambo la tatu ni fikra zetu kuhusu njia zisizopitia Kidato cha Tano. Bado tunaizungumzia VETA kama adhabu ya waliofeli. Lakini ni mkoa huu huu unaoishi kwa chai, viazi, misonobari na parachichi, tunda ambalo tangu makubaliano ya Novemba 2022 limefunguliwa soko la China. Soko la namna hiyo linahitaji mafundi wa majokofu, wabebeshaji wa miche, wapima ubora, watunza hesabu na madereva wenye leseni. Aidha, tangu mwaka wa masomo 2023/24 mikopo imeanza kutolewa kwa baadhi ya fani za stashahada. Ni wazazi wangapi wa Wanging'ombe wameambiwa hivyo katika kikao cha shule?

Wapo watakaosema kwamba kumpangia mtoto maisha ni kazi ya mzazi. Nakubali, ila mzazi hawezi kueleza mfumo ambao yeye mwenyewe hakuupitia. Wengine watasema ajira hazipo, hivyo mipango ni kujidanganya. Hao nawaelekeza kwa Wakinga wa Makete. Kwa miongo mingi kijana wa Kikinga amechukuliwa na ndugu, akafanya kazi dukani kwa miaka kadhaa huku akijifunza bei, wateja na uaminifu, kisha akasaidiwa kuanza biashara yake. Huo ni mpango wenye mlezi, muda na hatima inayojulikana. Jamii iliyoweza kuyafanya hayo bila ofisi haiwezi kushindwa ikiwa na ofisi.

Ninapendekeza hatua tatu ambazo hazihitaji bajeti kubwa. Kwanza, mwalimu wa unasihi apunguziwe vipindi katika muhula wa pili wa Kidato cha Nne, na kikao kimoja cha wazazi kihusu fomu ya machaguo peke yake. Pili, halmashauri za Njombe na Makambako, kwa kushirikiana na ofisi za wakuu wa wilaya, zipeleke wasajili shuleni tangu Kidato cha Tatu, ili vyeti vya kuzaliwa na vya vifo vikamilike mapema. Tatu, kila shule itunze daftari la wahitimu, na mtu mmoja anayejulikana awapigie simu Januari, Machi na Juni. Wanafunzi wangu mnaorudi nyumbani likizo, kazi hii mnaiweza. Nanyi watumishi wa umma mnaosoma hapa, mnafahamu kwamba tangazo lililobandikwa ubaoni si taarifa iliyomfikia mwananchi.

Mkulima wa Njombe hupanda msonobari akijua atasubiri zaidi ya muongo mmoja, na kila kiangazi hulima barabara ya moto kulilinda shamba lake. Watu wenye subira na uangalifu wa kiasi hicho kwa mti hawana udhuru wa kumwacha mtoto wao bila ulinzi kwa miezi minane.