Mkopo wa Rafiki Nao ni Deni

Mataifa yaliyoonja ukoloni yanaposaidiana kujenga reli, bandari na mitambo ya umeme, sisi tunafurahi. Si haki mtu mweusi apige magoti milele mbele ya mabenki ya Magharibi. Lakini urafiki haufuti deni, wala haumpi mtawala ruhusa ya kulificha.

Tuikumbuke TAZARA. Magharibi walipokataa kuigharimia, China iliwakopesha Tanzania na Zambia fedha zisizo na riba, za kulipwa kwa miaka 30. Kati ya 1970 na 1975 zikajengwa kilomita 1,860, na Zambia ikapata njia ya bahari isiyopitia kwa walowezi wa Rhodesia. Matatizo yalikuja baadaye, lakini shabaha ilikuwa wazi na mzigo ulikuwa mwepesi.

Sasa tuitazame reli yetu ya Mombasa hadi Nairobi. Mei 2014 serikali ilitia sahihi mikataba miwili na Benki ya Exim ya China: dola bilioni 1.6 kwa riba ya asilimia 2, na dola bilioni 1.63 kwa riba ya soko la London pamoja na asilimia 3.6 juu yake. Mkono mmoja ulikuwa wa ndugu, wa pili wa mfanyabiashara. Treni ya abiria ilianza 2017, lakini serikali haikuiweka mikataba hadharani hadi Novemba 2022, tena sehemu tu. Ndipo tukasoma kwamba Kenya iliahidi kuyafanya masharti kuwa siri, na kwamba ugomvi wowote ungeamuliwa Beijing.

Hatumlaumu mkopeshaji kwa kulinda mali yake. Tunawauliza waliotia sahihi: ni nani aliyewapa mamlaka ya kuahidi siri kwa niaba yetu? Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinaiamuru Serikali kutangaza habari muhimu zinazolihusu taifa. Deni la vizazi lisipokuwa habari muhimu, ni lipi basi?

Injili yatufunza kwamba ajengaye mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Wananchi watahesabuje wasichoonyeshwa? Kukopa harusi, kulipa matanga. Na waliokula harusi hawaonekani matangani.

Kwa hiyo tunadai jambo moja: mkataba wowote wa mkopo, uwe wa Washington au wa Beijing, usomwe Bungeni na kuchapishwa kabla ya kutiwa sahihi. Wakristo na wanaharakati, mwulizeni mbunge wenu swali hili hadi ajibu.