MKANDA MPYA JUU YA PULI KUUKUU



Imekuwa desturi. Mashine ya kusaga visiki ikianza kupiga kelele, bwana msimamizi anaagiza mkanda mpya, basi. Mkanda unakaa siku chache, unakatika. Unaletwa mwingine, nao unakatika. Wa tatu ukikatika, fundi anaitwa ofisini, anaambiwa anaharibu mali kwa makusudi, na mwisho wa mwezi mshahara wake umepunguzwa. Mimi nasema fundi huyo hana kosa. Mwenye kosa ni yule anayekataa kununua puli na beringi.

Tuitazame kazi yenyewe, ili mtu asije akasema hatujui tusemalo. Gurudumu la meno linazungushwa na injini kwa mikanda. Mkanda wa namna hii haushiki puli kwa chini. Unashika kwa mbavu, ukibanwa na kuta mbili za mfuo. Kuta zikiliwa, mkanda unashuka mpaka unakaa chini kabisa, ndipo unateleza. Alama yake hata mtoto ataiona: chini ya mfuo panang'aa kama kioo. Ukisimamisha rula juu ya ukuta ukaona umebonyea kadiri ya milimita 0.8, puli hiyo imekwisha kazi yake. Kuivika mkanda mpya ni kushona kiraka kipya juu ya nguo iliyooza. Tena mikanda ikiwa mitatu, hubadilishwa yote mitatu pamoja, kwa sababu mpya mmoja kati ya wakongwe wawili hubeba mzigo wa wote.

Sasa mkanda ukiteleza, bwana msimamizi hupiga kelele, "Kaza!" Fundi anakaza. Hapo ndipo beringi inapouawa. Hesabu ya beringi za gololi inajulikana duniani: ukiizidishia mzigo mara 2, maisha yake hayabaki nusu, yanabaki sehemu 1 katika 8. Beringi ya kudumu miezi 8 inakwisha kwa mwezi 1. Ikiisha, shafti inacheza, puli inayumba, mkanda unaliwa upande mmoja, nasi tumerudi pale pale. Huko ndiko kuokoa fedha?

Hata beringi ikiletwa, tunapewa nyundo tu! Beringi ya kuvishwa shafti husukumwa kwa pete ya ndani. Ukiipiga pete ya nje, pigo linapita katika gololi na kutia vidonda njia yake, nayo imekufa kabla ya kuzunguka. Twataka chombo cha kung'olea beringi, bomba la kuisukumia, na rula ndefu ya kulinganisha puli mbili zisimame sawa. Wala asituambie mtu kwamba beringi hazijulikani dukani. Namba imeandikwa ubavuni. Ikiwa ni 6208, tundu lake ni milimita 40, maana 08 mara 5 ni 40. Hesabu hiyo tulifundishwa shule ya misheni.

Na visiki vyenyewe si mihogo. Mikaratusi ililetwa Kenya mwaka 1902 iwe kuni za magari ya moshi. Magari yale yamekwenda zake, visiki tumeachiwa sisi.

Lakini jambo kubwa ni vidole vyetu. Mkanda ukiteleza kila saa, watu huhimizwa kuondoa bati la kinga na kukaza huku injini inazunguka. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yasema mfanyi kazi akiona hatari kubwa amwarifu msimamizi wake, na asilazimishwe kurudi mahali hapo hatari ikiwa bado ipo. Na Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inaruhusu kukata mshahara kwa mali iliyoharibika pale tu mfanyi kazi alipofanya kwa kusudi. Je, puli iliyochakaa kwa miaka ni kusudi la nani?

Kwa hiyo kila mwakilishi wa karakana afungue daftari. Aandike tarehe mkanda ulipokatika, hali ya mifuo, namba ya beringi, siku ilipoombwa na jibu lililotolewa. Aliyekatwa mshahara aje na karatasi yake ya malipo. Puli kuukuu zisitupwe. Zifungwe katika gunia na kuletwa mkutanoni, tuziweke mezani mbele ya wakubwa.