Hisabati na Haki ya Binti

Mwanafunzi aingiaye Gredi ya 10 sasa huchagua mmojawapo wa mikondo mitatu, ukiwemo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Shirika la FAWE, lililoasisiwa mwaka 1992, hushirikiana na shule ili wasichana wasiuogope mkondo huo. Lakini kiongozi wa mradi, hata akileta hadubini na walimu, hawezi kumpunguzia binti kazi za jioni apate kudurusu. Hilo ni juu yetu wazazi. Wala tusiseme hesabu si za wanawake: Al-Khwarizmi alitenga sehemu kubwa ya kitabu chake cha aljebra kwa hesabu za wasia na mirathi. Binti asiyejua theluthi na sudusi hupokea urithi wake kwa kadiri aambiwavyo.