Filimbi Yenye Pumzi Haina Ugonjwa!

Wadau, leo naweka pembeni habari za mitihani na foleni ya kafeteria. Nataka ugomvi kidogo.

Tangu nianze kupuliza filimbi ya bati hapa hosteli, kila anayepita mlangoni ana ushauri. "Mbona inavuja? Tafuta nyingine yenye sauti safi." Mwenzetu mmoja kaenda mbali zaidi, eti nikienda nayo TP nitawaharibu watoto masikio. Jamani! Nani kawaambia sauti safi ndiyo sauti nzuri?

Tuanze na chombo chenyewe. Robert Clarke wa Uingereza alianza kutengeneza filimbi hizi mwaka 1843. Bati bapa linakunjwa liwe bomba, pana juu, jembamba chini. Matundu 6. Mdomoni kinazibwa kipande cha mti, unabaki mwanya wa kupitisha pumzi. Basi. Pumzi ikipita hapo inagonga ukingo wa bati: nyingine inakuwa noti, nyingine inabaki upepo tu. Huo upepo ndio mnaouita kuvuja. Waairishi wamepigia ngoma zao filimbi za namna hiyo miaka na miaka, na wapo wanaozitafuta kwa sababu ya upepo huohuo.

Na hapa kwetu je? Ilimba ya Wagogo ina tundu kwenye sanduku lake, na fundi huliziba kwa utando wa buibui makusudi, ili noti itoke na mvumo wa kukwaruza. Marehemu Hukwe Zawose alizunguka dunia na sauti hiyo akapigiwa makofi. Sisi wasomi ndio tunataka kila kitu kilie kama kengele ya saa.

Mnisikilize walimu wenzangu. Filimbi kali 40 zikilia pamoja darasani, utakimbia mwenyewe. Yenye pumzi ni laini, na inamfundisha mtoto kupima pumzi yake, maana akipuliza ovyo, noti inaruka juu. Mtoto akiambiwa kila siku kwamba sauti yake ni chafu, mwishowe anafunga mdomo. Hilo ndilo linaloniuma.

Sawa, inakula pumzi. Kama inakuchosha, bonyeza taratibu sana ule mdomo wa bati juu ya mwanya, upungue kidogo. Ukizidisha umeua.

Anayetaka kununua asidanganywe na rangi. Angalia kama bomba linapungua kuelekea chini na kama kizibo ni cha mti. Kisha ziba matundu yote, puliza polepole. Ukisikia noti ya chini imetoka na "hhh" yake, usirudishe. Lipa, uondoke.

Mwenye hoja alete, chai juu yangu. Asiye nayo aniache nipulize.