Bakshishi ya Msusi

Umekaa saluni mjini Lodwar kwa muda wa saa nne, joto limezidi, na msusi amesimama nyuma yako akikusuka. Unajitazama kwenye kioo, unatabasamu, unalipa na kwenda zako. Je, yule binti umemwachia nini?

"Si nimeshalipa?" utauliza. Ndiyo, umemlipa mwenye saluni. Wasusi wengi hawana mshahara. Hupata fungu kwa kila kichwa, na siku isiyo na wateja hurudi nyumbani mikono mitupu. Huko Kakuma, penye kambi ya wakimbizi tangu mwaka 1992, fungu hilo huenda ndilo unga wa watoto.

Bakshishi si deni wala haina kiwango. Hata Sh50 ni shukrani. Mpe mkononi, kimya kimya, usimtupie mezani. Ukilipa kwa M-Pesa, kumbuka namba ya saluni ni ya mwenyewe. Ya msusi mtumie msusi. Aliyekuosha nywele naye usimsahau.

Lakini usibane bei hadi fungu lake likauke, kisha ujisifu kwa bakshishi. Huna kitu? Mshukuru kwa jina lake, na Jumamosi ijayo umletee mteja.