Siri ya Mgonjwa Nayo Inataka Wakili

Ukiwauliza wenzetu wanaosoma sheria hapa Uingereza wanataka kufanya nini wakimaliza, wengi watakuambia mambo ya mafuta, mabenki au mikataba ya kimataifa. Sawa, kila mtu na riziki yake. Lakini kuna kazi moja tunaisahau: uwakili wa kutetea umma katika kulinda taarifa za wagonjwa. Mimi ni mtu wa uhandisi, na nasema tunawahitaji sana mawakili hao.

Najua mtasema, jamani, nyumbani watu wanakosa dawa, wewe unatuletea habari za siri? Basi tutazame yaliyotokea Kenya.

Tarehe 23 Februari 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza makamishna wa kaunti, pamoja na wakuu wa elimu na afya, wakusanye taarifa za watoto wa shule wanaoishi na VVU, walezi wao, na akina mama wajawazito na wanaonyonyesha wenye virusi. Serikali ilisema lengo ni kupanga huduma. Tatizo ni kwamba taarifa zilikusanywa kwa namna ya kuunganisha jina la mtu na hali yake. Sasa fikirieni orodha kama hiyo ikipita kwa karani, kwa mwalimu, kwa chifu. Maji yakimwagika hayazoleki. Mtoto atatengwa darasani. Mama naye ataogopa, ataacha kwenda kliniki, atakosa dawa za kumkinga mwanawe. Kwa hiyo siri na dawa vinakwenda pamoja.

Shirika la KELIN la Nairobi, ambalo wakati ule lilikuwa likiongozwa na wakili Allan Maleche, lilikwenda Mahakama Kuu pamoja na wenzake. Tarehe 7 Desemba 2016 mahakama ikaamua kwamba agizo lile lilivunja kifungu cha 31 cha Katiba, kinacholinda faragha, na cha 53(2), kinachotanguliza maslahi ya mtoto. Ikaamuru ndani ya siku 45 majina yaliyokusanywa yafichwe kwa namba, yasiweze kuhusishwa na hali ya mtu. Na hapo Kenya ilikuwa bado haijapata Sheria ya Kulinda Data, iliyokuja mwaka 2019. Walishinda kwa kuishika Katiba vizuri.

Sasa niseme na sisi wa kompyuta na uhandisi. Tuna tabia ya kusema, "Si tunafuta majina tu? Yameisha." Hayajaisha. Mwaka 1997 huko Marekani, Latanya Sweeney, akiwa mwanafunzi kama sisi pale MIT, alichukua data ya hospitali iliyokwisha kufutwa majina, akailinganisha na daftari la wapiga kura. Kwa tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta tu, alipata rekodi za William Weld, gavana wa Massachusetts. Ikiwa gavana alipatikana hivyo, je, mama wa kijijini mwenye mapacha, ambaye kata nzima inamjua?

Na msidhani hapa tulipo ni salama. Mwaka 2017 Kamishna wa Habari wa Uingereza alisema hospitali ya Royal Free ya London haikufuata sheria ilipowapa kampuni ya DeepMind rekodi za wagonjwa wapatao milioni 1.6.

Kwetu sheria zimeshatungwa: Kenya na Uganda mwaka 2019, Rwanda 2021, Tanzania 2022. Lakini sheria haiendi mahakamani yenyewe. Inataka wakili anayeelewa data inavyohifadhiwa na inavyovuja, na aliye tayari kumsimamia mtu asiye na pesa ya kumlipa.

Kwa hiyo, dada na kaka wa sheria, likizo ijayo mkitafuta mafunzo kwa vitendo, ulizieni na mashirika ya haki za afya nyumbani. Mshahara wake hautafikia ule wa mafuta, hilo lisemwe wazi. Na sisi wahandisi, tukipewa kazi ya kutengeneza mfumo wa kliniki, tumwite wakili siku ya kwanza, kabla hatujaandika hata mstari mmoja wa programu. Akija baada ya orodha kuvuja, atapata fidia labda, lakini yule mtoto darasani watu watakuwa wameshamjua.