Kunguru aliyepotea Mombasa

Nimepotea kwa muda, mtanisamehe, kazi inayolipa kodi ya nyumba ndiyo iliyonibana. Leo sina simu mpya ya kuwachambulia. Nina kosa langu mwenyewe la kuungama, nalo linahusu ndege.

Mwishoni mwa 2023 nilikiandikia kikundi kidogo cha wapenda ndege huku Pwani programu ya simu. Malipo hakuna, wao wanajitolea, nami nikajitolea. Unatembea, unaona ndege, unachagua jina lake kwenye orodha, unabonyeza, simu inaandika saa na mahali. Watu waliipenda. Baada ya miezi michache nikaketi kuchora ramani, moja kwa kila aina ya ndege. Nilipofungua ya kunguru, kisiwa chote cha Mombasa kilikuwa cheupe pe. Yaani kwa mujibu wa tarakilishi yangu, Mombasa haina kunguru!

Yeyote aliyewahi kufungua karatasi ya mhogo pale Mama Ngina anajua kwamba huo ni uongo mtupu. Kunguru wa Bara Hindi, yule mwenye shingo ya kijivu, aliletwa Zanzibar miaka ya 1890, na kufikia 1947 alikuwa ameshaonekana Mombasa. Tangu hapo ni yeye anayetutawala. Anavamia viota vya ndege wenyeji, anakula mayai na makinda. Waulize mnana.

Basi ramani ilidanganya vipi? Nilipofukua msimbo nikakuta kosa la aibu, la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kwenye hifadhidata, kila aina ya ndege ambayo mtumiaji hakuibonyeza nilikuwa nimeijaza sifuri. Ndugu zangu wa programu mmeshaelewa. Kwa wengine nieleze: sifuri ni jibu. Maana yake nimetafuta na sikumpata. Nafasi tupu si jibu, ni kwamba hakuna aliyesema lolote. Mimi niliuchukua ukimya wa watu nikauandika kuwa ushahidi.

Hilo nilirekebisha usiku mmoja. Lililobaki halikuwa kwenye msimbo.

Nilienda Kilifi kumjulia hali mjomba, mvuvi aliyestaafu, nikamwonyesha orodha yangu ya asubuhi ile. Ndege 31, nikijisifu. Aliisoma pole pole, kisha akaniuliza, "Na hawa wanaokula mkate wako hapo mezani, si ndege?" Nikageuka. Kunguru wawili, kimya kabisa, wameshafika nusu ya mkate. Nilikuwa nimetembea saa mbili nikawaona pengine 50, na sikumwandika hata mmoja. Niliwaona takataka. Na kumbe kikundi kizima kilifanya vivyo hivyo, kwa sababu mimi ndiye niliyewafundisha: programu yangu ilitoa nyota kwa ndege adimu. Ukimpata ambaye wenzako hawajampata, nyota tano. Kunguru? Hana nyota.

Nyota hizi mtanisamehe nikizisema vibaya, maana najua zinavutia watu. Wenzangu wengi tunaziweka kwenye kila kitu, hata programu ya kukumbusha kunywa maji. Lakini kwenye kazi ya kuhesabu wanyama zina sumu. Zinamwambia anayejitolea kwamba thamani yake iko katika kupata cha ajabu, wakati mwanasayansi anayemtegemea anataka sana ile asubuhi ya kuchosha: saa mbili, mahali fulani, hawa ndio wote niliowaona, basi.

Tazama Kenya Bird Map, ramani ya ndege wa nchi hii inayojengwa na watu wa kawaida tangu 2013. Wameigawa Kenya katika miraba zaidi ya 6,800, kila mmoja kama kilomita 9 kwa 9. Orodha kamili ina masharti: angalau saa mbili za kutafuta kwa bidii ndani ya mraba mmoja, unaandika kila aina unayoitambua, kwa mpangilio ulioiona, na hupiti siku tano. Nilipoyasoma mara ya kwanza nilidhani ni urasimu wa wazee wa makumbusho. Sasa naona kwamba masharti ndiyo data. Mraba ukiwa na orodha kamili 20, na kunguru yumo katika 18, una asilimia 90. Miaka mitatu baadaye akiwa katika 9 kati ya 20, umepata asilimia 45, na hapo pana jambo la kuuliza. Bila kujua orodha ngapi hazina kunguru, hiyo 18 ni namba tu inayoelea hewani. eBird nao, tangu walipoanza Marekani mwaka 2002, wamekusanya orodha kwa wingi wa kutisha, na sehemu ninayoihusudu katika fomu yao ni swali moja la ndiyo au la: je, hii ni orodha ya ndege wote ulioweza kuwatambua? Kisanduku kimoja! Mimi nilitumia wiki nzima kuchora nyota.

Mfano mwingine wa hapa kwetu. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti ulioongozwa na Darcy Ogada kuhusu ndege wawindaji wa Kenya, tumbusi na karani-tamba wakiwemo. Walilinganisha hesabu zilizofanywa kutoka barabarani miaka ya 1970 hadi 1977 na zile za 2003 hadi 2020. Kati ya aina 22, aina 19 zilikuwa zimepungua. Linganisho hilo liliwezekana kwa sababu miaka ile ya sabini, kabla ya simu hizi zote, kulikuwa na mtu aliyeandika pia kilomita alizosafiri, hata zile ambazo hakuona kitu. Angeleta picha za tumbusi wazuri tu, leo tungekuwa na albamu.

Kuna rafiki aliyenijibu kwamba nikiwabana wanaojitolea kwa masharti, watakimbia. Wengine watakimbia, ndiyo. Mwenye kutaka kupiga picha moja ya kipepeo na kuendelea na safari yake, iNaturalist ipo na inafanya kazi nzuri: inatuambia kiumbe fulani alikuwa mahali fulani siku fulani. Ila haiwezi kutuambia nani ametoweka. Nami naona ni dharau kudhani mtu wa kawaida hawezi kuelewa tofauti hiyo akielezwa. Mjomba aliielewa kabla yangu, na simu yake ni ya tochi.

Sasa sikilizeni kinachoniuma. Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja kufikia mwisho wa mwaka huo, kwa sumu maalumu. Mimi siwatetei kunguru. Lakini baada ya zoezi kama hilo kila mtu hapa Pwani anastahili kuuliza: wamepungua kweli, wapi, na mnana wamerudi? Jibu linahitaji hesabu ya kabla. Miezi ileile ya kabla, watu wa kikundi chetu walikuwa wakiamka alfajiri, Nyali, Likoni, Mtwapa, simu mkononi, wakimruka kunguru ili wapate nyota.

Nyota nimeziondoa. Kisanduku cha "hawa ndio wote" kipo, na programu haikubali orodha kuwa kamili chini ya saa mbili. Wanachama wanne wameacha kuitumia. Zile orodha za mwanzo, karibu 60, nilijaribu kuziokoa, nikawapigia wenyewe mmoja mmoja kuwauliza kama siku ile walimwona kunguru. Wote walicheka. "Bila shaka nilimwona." Wangapi, wapi, saa ngapi? Hakuna aliyekumbuka. Nimeziwekea alama kuwa si kamili, na kwenye safu ya kunguru nimeacha nafasi tupu.